Mchoro Kwanza, Msumeno Baadaye

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe wote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.



Tumeulizwa suali hili na zaidi ya mama mmoja: familia ikitaka kujitengenezea makabati ya jikoni, na vijana wa nyumbani wana kompyuta, ni programu gani iliyo nyepesi ya kuyachora kabla ya mbao kukatwa? Huenda mtu akastaajabu suali kama hili kuletwa kwa mwalimu wa chuo. Sisi hatustaajabu. Jikoni ndipo mama wa nyumba anapomaliza sehemu kubwa ya siku yake, ndipo futari inapopikwa na mgeni anapoandaliwa. Tena fedha za makabati aghalabu ni fedha za mama mwenyewe, zilizokusanywa shilingi kwa shilingi. Na kazi hii inapoharibika, ugomvi wake huletwa kwetu.

Miezi michache iliyopita tulikalishwa suluhu baina ya mama mmoja na fundi wake. Mama alikuwa ameweka akiba katika chama kwa muda wa miaka miwili. Akatoa malipo ya awali, na agizo lake likawa ni maneno matupu: amtengenezee kama ya jirani. Fundi, naye ni mtu mwema na mwenye kuswali, akapima, akaenda zake, akarejea baada ya wiki tatu na makabati yaliyokwisha pakwa rangi. Droo ya pembeni ilipovutwa ikagonga mpini wa droo ya ukuta wa pili, na zote mbili zisifunguke. Kabati la juu likameza robo ya dirisha. Mama asema sivyo alivyoagiza; fundi asema ndivyo alivyoagizwa; na wote wawili walikuwa wakweli, kwani kila mmoja alikuwa na picha yake kichwani. Karatasi ya kuhukumia haikuwako. Tukawagawanyia hasara nusu kwa nusu, wakapeana mikono, lakini mama yule hata leo anapika akitazama nusu ya akiba yake iliyokatwa vibaya.

Lau ungalikuwapo mchoro mmoja wenye vipimo, ugomvi ule usingalizaliwa. Hii ndiyo faida ya programu tunazozitaja leo, na kwa faida hii ndipo tutakapozipima.

Kazi ya mbao na heshima yake

Useremala una heshima katika dini yetu. Nabii Nuh (a.s.) aliunda safina kwa amri ya Mola wake, na katika Sahih Muslim imepokewa kuwa Nabii Zakariya (a.s.) alikuwa seremala. Mimbari ya Mtume (s.a.w.) katika msikiti wa Madina, yenye daraja tatu, iliundwa kwa mbao za mti wa athli kutoka Ghaba, na aliyeifanya ni kijana seremala wa mwanamke wa Kiansari. Imamu Bukhari ameiweka habari hiyo katika mlango wa seremala, ndani ya Kitabu cha Biashara. Basi mwanamke kuagiza kazi ya mbao, na kusimamia agizo lake, si jambo geni lililoletwa na zama hizi.

Mafundi wetu wa zamani nao hawakukosa kipimo. Walihesabu kwa shibiri, dhiraa na pima, na katika nyumba za mawe za Lamu na Mombasa upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti za mkoko zilizobeba dari. Ndiyo sababu vyumba vingi vya nyumba hizo ni virefu na vyembamba. Jikoni iliyo nyembamba haisamehe kosa la hata inchi mbili, na ukuta wa mawe na chokaa haunyooki kama rula. Kwa hivyo kabla ya kompyuta kuwashwa, futi ya mkanda itangulie.

Kupima kabla ya kuchora

Pimeni upana wa kila ukuta mara tatu: karibu na sakafu, usawa wa kiuno, na juu ya kichwa. Kipimo kilicho kidogo ndicho cha kutumia, kwani kabati hujazwa pengo kwa kipande cha ubao, lakini haliwezi kupunguzwa likishaundwa. Kisha ipimeni pembe: wekeni alama sm 90 kwenye ukuta mmoja na sm 120 kwenye ukuta wa pili, mkianzia pembeni. Umbali baina ya alama mbili ukiwa sm 150 kamili, pembe imenyooka. Ukipungua au ukizidi, andikeni, kwa kuwa programu haitajua isipokuwa mmeiambia.

Andikeni pia mahali pa madirisha, mlango na upande unaofungukia, bomba la maji, shimo la maji machafu na soketi za umeme. Pimeni jokofu lenu, na nafasi ambayo mlango wake unahitaji ukifunguliwa. Pimeni sufuria kubwa ya pilau pamoja na masikio yake, kinu, mbuzi ya nazi na sinia za futari. Michoro ya ng'ambo haivijui vyombo hivi, na rafu nyingi nzuri zimekuwa pambo tu kwa sababu sufuria haikuingia.

Kipimo muhimu kuliko vyote ni cha mpishi mwenyewe. Mama asimame wima bila viatu, akunje mkono, apimwe kutoka sakafuni hadi kiwiko. Uso wa kufanyia kazi uwe chini ya kiwiko kwa sm 10 hadi 15. Kimo kilichozoeleka Marekani ni inchi 36, yaani sm 91 na kidogo. Mama ambaye kiwiko chake kiko sm 98 akipika juu ya meza hiyo atainua mabega kila siku, na mgongo wake utamshitakia.

Wepesi ni nini?

Programu huitwa nyepesi kwa sababu nyingi. Iko inayoitwa nyepesi kwa kuwa yatoa picha nzuri kwa dakika kumi, na picha hiyo fundi haiwezi kumsaidia chochote. Sisi twaweka masharti manne. Iwe yakubali milimita, na ikuache uumbe kabati la kipimo chochote unachotaka. Iende katika kompyuta mliyo nayo, hata kama intaneti imekatika au bando limekwisha. Iweze kutoa karatasi yenye vipimo ambayo fundi ataibandika ukutani. Na matumizi yake yawe halali kwa leseni yake.

Kwa masharti haya, ya kwanza tunayoipendekeza kwa familia ni Sweet Home 3D. Ilianza kutolewa mwaka 2006, kazi ya Emmanuel Puybaret wa Ufaransa. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi, na huwekwa ndani ya kompyuta ya Windows, Mac au Linux ikafanya kazi bila intaneti. Kioo chake kimegawanyika: sehemu moja unachora kuta kama unavyozitazama kutoka juu, na sehemu nyingine chumba hicho hicho chajionyesha kimesimama. Makabati huburutwa kutoka orodhani, kisha upana, kina na kimo cha kila moja hubadilishwa kwa kuandika tarakimu. Iko pia sehemu ya mgeni atembeaye ndani ya chumba, ambaye kimo cha macho yake chaweza kuwekwa mtakavyo. Wekeni kimo cha macho ya mama, mumtembeze, muone kama rafu ya juu ataiona. Udhaifu wake ni kwamba inapanga jikoni vizuri, lakini haikuambii ubao gani ukatwe kwa kipimo gani.

Ya pili ni SketchUp, iliyozaliwa Colorado, Marekani, mwaka 2000, ikanunuliwa na Google mwaka 2006, kisha ikaenda kwa kampuni ya Trimble mwaka 2012. Hii huumba kitu chenyewe: wachora mraba, wauvuta, unakuwa ubao. Kila ubao ukifanywa kipande cha peke yake, kabati lajengwa ndani ya kompyuta kama litakavyojengwa karakanani, na kosa laonekana kabla ya msumeno. Yataka siku kadhaa za mazoezi. Toleo lake la bure hutumika kupitia intaneti tu, na masharti yake ni matumizi ya mtu binafsi yasiyo ya biashara. Mama anayechora jikoni lake yumo ndani ya masharti; fundi anayewachorea wateja kwa malipo hayumo, na yampasa alipie toleo la kazi.

Ya tatu ni FreeCAD, nayo ni ya bure hata kwa mwenye kufanya biashara. Nguvu yake ni kwamba ukibadilisha tarakimu moja, vipande vyote vinavyoitegemea vyabadilika pamoja. Ni ngumu kwa mwanzo, na hatuipendekezi kwa mama anayetaka jikoni moja kabla ya Ramadhani. Lakini kijana anayetaka kuifanya kazi hii iwe riziki yake, miezi atakayoitumia kujifunza haitapotea.

Ziko pia programu za maduka makubwa ya ng'ambo, kama IKEA ya Uswidi. Hizi ni nyepesi kuliko zote, kwa sababu zimekuchagulia: zakuonyesha makabati ya duka lile, kwa vipimo vya duka lile. Zichukueni kwa kupata fikra, wala msimpe fundi mchoro wake.

Na asiye na kompyuta asihuzunike. Daftari la hesabu lenye miraba latosha. Kila mraba ukihesabiwa sm 10, ukuta wa mita 3 ni miraba 30. Kateni vipande vya karatasi mfano wa makabati, jokofu na jiko, mvisogeze juu ya mchoro mpaka mridhike. Mchoro wa penseli wenye vipimo sahihi ni bora kuliko picha ya rangi isiyo na tarakimu.

Hesabu ya ubao

Hapa ndipo fedha inapopotea, basi tutulie kidogo. Ubao wa kawaida wa futi 8 kwa 4 ni milimita 2440 kwa 1220, na unene uliozoeleka kwa makabati ni milimita 18. Tuchukue kabati moja la chini, upana milimita 600, kimo 720, kina 560. Mbavu mbili za pembeni ni 720 kwa 560. Kitako hakiwi 600, kwa sababu mbavu mbili zimekwishachukua milimita 36; kinakuwa 564 kwa 560. Vipande viwili vya juu vya kushikilia ni 564 kwa 100. Rafu moja ni 564 kwa 540. Mlango ni 596 kwa 716, ukiachiwa milimita 2 kila upande upate kupumua. Jumla yake ni takriban thuluthi mbili za ubao mzima, kabla ya kuhesabu mgongo. Anayewaambia kuwa ubao mmoja watosha makabati matatu, mwombeni awachoree.

Kabati hilo likiwekwa juu ya msingi wa milimita 100 na kufunikwa kwa uso wa milimita 40, kimo chake ni sm 86. Mama mrefu aongeze msingi, mfupi apunguze.

Likiwa la droo, reli za pembeni za kawaida zataka karibu milimita 13 kila upande. Kwa hivyo katika nafasi ya 564, kisanduku cha droo kiwe 538. Ikosewe milimita 3 tu, droo itakwama au itatikisika. Na makabati yanayokutana pembeni, moja litengwe na pembe kwa kipande cha ubao cha sm 5 au zaidi, ili mpini wa droo moja usigongane na wa pili. Hilo ndilo lililomponza mama yule tuliyemtaja.

Msumeno nao wala ubao. Meno yake hula kama milimita 3 kila mkato. Mtu akidhani upana wa 1220 utampa vipande vinne vya 305, atakosea. Mikato mitatu itakula milimita 9, na kila kipande hakitafika 303. Programu za kupanga mikato huuliza unene wa msumeno kwa sababu hiyo. Msiiache nafasi hiyo tupu. Tena kubalianeni na fundi lugha moja ya kipimo. Inchi moja ni milimita 25.4, na ubao wa milimita 18 ambao fundi huuita robo tatu ya inchi si robo tatu kamili, kwani hiyo ni 19. Tofauti ya milimita moja ikikusanywa katika mbavu nane za makabati manne, yawa milimita 8, na kabati la mwisho halitaingia.

Mambo mawili programu haitawakumbusha. La kwanza ni unyevu wa pwani yetu: ubao wa MDF ukinywa maji huvimba wala haurudi, basi kabati la sinki lijengwe kwa plaiwudi inayostahimili maji, na kingo zote za mbao zizibwe. La pili ni mtungi wa gesi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutuama chini. Mtungi ukiwekwa ndani ya kabati lisilo na matundu, kabati hilo limekuwa hatari kwa watoto. Anayeweza auweke nje ya nyumba. Asiyeweza, mlango na kitako viwe na matundu ya chini, na katika mchoro yaandikwe ili fundi asiyasahau.

Halali ya programu, na haki ya fundi

Vijana hutuambia kuwa programu ya kulipia yapatikana bure kwa rafiki, imekwisha vunjwa kufuli. Jawabu letu ni kwamba haki ya mtunzi ni mali. Baraza la Kimataifa la Fiqhi la jumuiya ya nchi za Kiislamu, katika kikao chake cha tano mjini Kuwait mwaka 1988, liliamua kuwa haki za utunzi na uvumbuzi zinalindwa kisheria na haijuzu kuzivamia. Na maadamu Mola ametuwekea mlango wa halali, programu zilizotolewa bure na wenyewe, hatuoni udhuru wa kuingilia dirishani.

Ama makubaliano na fundi, mwapasa kujua kwamba kuagiza kitu kisichoundwa bado kina hukumu zake. Katika madhehebu yetu ya Shafi jambo hili huingizwa katika salam, na salam yataka thamani yote itolewe papo hapo. Baraza hilo hilo, katika kikao cha Jeddah mwaka 1992, liliikubali istisnaa kuwa ni mkataba wenye kuwafunga wote wawili, na likajuzisha malipo kucheleweshwa au kutolewa kwa mafungu. Masharti yake ni kubainishwa jinsi ya kitu, aina yake, kadiri yake na sifa zake zinazotakiwa, na kuwekwa muda wa kukabidhi. Zingatieni masharti haya, mtaona kuwa mchoro wenye vipimo, pamoja na jina la ubao, unene wake, idadi ya bawaba na tarehe, umekwisha kuyatimiza karibu yote. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, iliyomo katika Suratul Baqara, yahusu kuandikiana madeni. Mwenye kuona haya kumwomba fundi sahihi, aikumbuke aya hiyo.

Basi chapisheni nakala mbili. Fundi atie sahihi, na mwenye jikoni atie sahihi, kila mmoja abaki na yake. Badiliko likitokea liandikwe kwenye nakala zote mbili. Kufanya hivyo si kumdhania fundi vibaya. Ni kumkinga pia, kwani fundi naye ana watoto, na ubao aliokatishwa kwa neno lililobadilika baadaye hulipiwa kwa riziki yao.

La mwisho ni shauri la nyumbani. Baba asichore peke yake jikoni asimopika. Kijana akae kwenye kompyuta, mama akae ubavuni mwake aseme, na bibi mwenye miaka yake aulizwe ni rafu gani mkono wake bado waifikia. Jioni mbili za shauri namna hii hazigharimu kitu, na huenda zikaokoa akiba ya miaka.

Twamwomba Allah azitie baraka jikoni zetu, azikunjue riziki za halali, awape mafundi wetu uaminifu na wateja wao insafu, na atuepushe na israfu na ugomvi. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.